Kwa Badi

Kadzo alibisha Jumamosi, asubuhi,
mkononi simu, kwapani daftari la mstari mmoja mmoja.
"Dada Swafiya, hapa panaitwaje?"

Nikacheka. Hapa? Hapa ni Kwa Badi.
Mwambie wa tuktuk, atakushusha Kwa Badi.
Muulize muuza gesi, muulize mkunga,
Mshomoroni nzima hakuna asiyepajua.

Akanigeuzia kioo.
Mtaa wetu ulikuwa mweupe kama sahani iliyokwisha kuoshwa,
na njia moja, imechorwa na mtu aliyetutazama kutoka juu,
akadhani paa la madrasa ni ghala
na dimbwi la maji machafu ni uwanja wa mpira.
Kwa Badi ilikuwako, sitasema uongo.
Ilikuwa majini:
hatua mia tatu ndani ya mikoko ya Tudor,
baba yangu na duka lake wakiwauzia kaa sukari.

Hapo nikalielewa lile gari la wagonjwa
lililomfuata Mwanatumu usiku wa mvua.
Dereva alitii simu mpaka matairi yakazama topeni,
taa zikimulika mizizi.
Mtoto tulimpokea sisi, kwa tochi.
Mpaka leo wamwita Dereva.

Tukatoka, mimi na Kadzo na watoto saba wasioalikwa.
Bomba la karibu na kinyozi lilikauka miaka mitatu,
lakini kwenye ramani lilikuwa bado ladondoka, tone la buluu.
Kadzo akalifuta.
Kufuta nako ni kazi, alisema,
kuna mtu hubeba ndoo akifuata tone kama hilo.
Ngazi ya kuteremkia pwani: vidato kumi na vinne,
cha tisa kimevunjika.
"Hakuna pa kuandika cha tisa."
Basi andika ngazi, nikamwambia,
cha tisa kila mtu atajikwaa mwenyewe.

Bi Saumu alikataa, mlango nusu.
"Anijuaye anajua nilipo. Asiyenijua, ana haja gani?"
Kadzo akamwachia nyumba yake bila jina,
pembe nne tu, na kimya ndani.

Kisha akaniuliza la baba.
Duka? Limefungwa.
Kaburi? La, amelala Kikowani.
Akafikiri, akaandika: mahali.
Akabonyeza, na jioni ile baba akatoka baharini,
akatua mlangoni pangu, mkavu.

Wiki moja. Nikafungua simu kumtazama:
amehamishwa!
Hatua kumi, ng'ambo ya njia,
na mtu ajiitaye Chura Sabini na Saba.
Nikampigia Kadzo kwa hasira:
nani amemsogeza baba yangu?
"Yeyote aweza kusogeza," akanijibu,
"nawe waweza kurudisha. Ila soma kwanza sababu yake."

Sababu ilikuwa mistari miwili:
Kabla ya ule moto duka lilikuwa upande wa pili.
Najua, nilikuwa nikikopa sukari pale.

Nikampelekea mama, anachagua mchele.
Alichagua mpaka ungo ukaisha, hajasema neno.
"Ni kweli," akanena. "Duka lali ng'ambo ile.
Wewe wali mgongoni."

Sikumrudisha.
Pale alipo sasa pamepita barabara,
boda zinamkanyaga kutwa, mizigo ya saruji,
wasichana wa shule wakila maembe ya pilipili.

Chura simjui bado.
Kila anisalimuye kwa kicheko namshuku.
Usiku nimelitoa sandukuni daftari la madeni la baba,
kurasa zimeshikana kwa jasho la miaka,
nikahesabu kwa kidole waliokopa sukari wasilipe:
arubaini na mmoja.
Ni mmoja wao.