Vipozamataza Wawili wa Kayenze

Shija kaniletea ndege ndani ya kofia,
bado ana joto.
Paka wa kina Nshoma kamnyofoa mkia
nyuma ya tenga la dagaa,
na mimi, niliyejaza madaftari misimu minne
kati ya Kayenze na Igombe,
namgeuza kiganjani kama shilingi nisiyoiamini.

Hudhurungi. Michirizi kifuani.
Ubavu wa rangi ya michembe
iliyoanikwa juu ya jabali.
Kipozamataza, sawa. Lakini yupi?

Maana shamba hili la nyuma lina wawili,
wote rangi ya udongo uliowalea,
wote hutaga chini, kivulini mwa nyasi,
na ukiwakaribia
wote hujifanya donge la jembe.

Mmoja, mnene kidogo, mwenye kishungi,
hupanda kichuguu saa kumi na mbili na nusu
akapiga mluzi wa vipande viwili,
tsii-tsiyuu,
kama mtu amwitaye mwenzake ng'ambo ya pamba
asitake majirani wajue.
Anangoja. Anarudia vilevile.
Nimemhesabu mara sitini
kabla chai haijachemka.

Wa pili hana subira na vichuguu.
Huyo hupaa mpaka macho yako yaume,
juu ya majabali, juu ya mabati ya mnada wa samaki,
na huko juu koo lake likinyamaza
hupiga mbawa: prrr. Prrr-prrr.
Karata zinachanganywa angani
na hakuna anayegawiwa.

Basi. Tofauti yenyewe ndiyo hiyo.
Mkia ungesema neno, mkia umo tumboni mwa paka.
Napapasa koo: haliniambii
kama lilikuwa la kuitia
au la kumezea panzi tu.
Nakunjua bawa. Linajikunja lenyewe.

"Andika yeyote," anasema Shija. "Nani atajua?"

Shija ndiye aliyezaliwa baada ya mapacha.
Kwao Kulwa na Doto huazimana mashati,
na mama yao, akiwa na haraka,
huita majina yote mawili kwa mkupuo.
Namuuliza: wewe huwachanganyi?
Anakung'uta kofia. Unyoya mmoja unaanguka.
"Nikiwatazama, nawachanganya.
Usiku, taa ikishazimwa, sijawahi.
Kulwa hufungua mlango ndipo akakohoa.
Doto hukohoa kwanza."

Nimeandika: Kayenze, Novemba, paka.
Mstari wa jina nimeuacha mtupu,
na wakubwa wa Mwanza mjini watanigombeza,
kwani fomu zao hazipendi mistari mitupu.

Tumemfukia kando ya matuta ya viazi.
Shija kanawa mikono ziwani, harufu haikutoka.
Kesho kabla ya jua tutakaa kizingitini,
yeye na mimi, macho tumefumba,
tusikilize
ni yupi hajaja.