Mgeni Siku ya Tatu

Alikuja Jumanne, hapa Wete, saa kumi na mbili kasorobo,
nikiwa nakwangua nta ya mishumaa kwa kijiko
kwenye kitambaa cha altare ambacho Prisila
atakifua, na atanilaumu.

Sikuona nuru. Niseme mapema, maana watu
huniuliza nuru. Wala sauti, wala mabawa.
Ilikuwa kama bomba letu la Jadida
lilipokaa siku tisa halina tone,
usiku wa kumi likakohoa, likapiga mluzi,
likatema kutu, kisha maji,
na mtaa mzima ukatoka na ndoo na nguo za kulalia,
wakicheka gizani hata wasiosemezana.
Hivyo. Ila bomba lilikuwa mimi.

Kijiko kilianguka. Sikukiokota.
Mwana wa mchukuzi wa karafuu, katekista wa viti kumi na viwili
na waumini tisa, kumi na mmoja ikifika Pasaka,
nilipiga magoti juu ya saruji
hata adhana ya adhuhuri ikanikuta palepale,
ikaingia dirishani kama jirani
asiyehitaji kubisha hodi.

Jumatano nikamfungia.
Ndiyo, neno ni hilo. Nilikomea mlango,
nikazima simu yenye ujumbe wa Sista Gaudensia:
Damasi, Mzee Shaame hajafungwa kidonda.
Nikasema moyoni, kidonda kina miaka mitano,
Mgeni ana siku moja.
Nikamtandikia kila nilichonacho:
sala zote ninazozijua, machozi, njaa yangu tangu jana.
Kuna aliyewahi kutaka kujenga vibanda mlimani.
Mimi nilishafika kwenye makuti.

Lakini jioni palikuwa na jambo.
Mgeni hakuondoka, ila hakukaa kitako,
kama mtu anayetupia macho viatu vyake
mlangoni.

Alhamisi nikateremka.
Donda la Mzee Shaame hukupokea kibarazani
kabla mwenyewe hajaitikia.
Mwanawe yuko Maskati, hutuma pesa na picha za magari.
Nikachovya pamba kwenye maji ya chumvi.
Bendeji ya Jumatatu ilikuwa imegandia nyamani,
nikaivuta uzi kwa uzi, naye akauma kanzu.
Alipopata pumzi: "Juzi hukuja. Jana hukuja."
"Nilikuwa na mgeni, mzee."
"Mgeni!" Akacheka, meno matatu, inzi wakaruka.
"Siku mbili nakusamehe, mgeni haachwi peke yake.
Ya tatu je? Hukumpa jembe?"

Nikabaki na bendeji mkononi
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake
na mtoto asiyemjua.

Hilo sikulifikiria. Kwamba Aliyekuja
huenda hakutaka kiti.
Huenda alikuja mikono mitupu akitafuta kazi,
nami nikamkalisha kama bwana harusi
huku jembe limelala nyuma ya mlango.

Nikasogeza beseni. Nikaacha nafasi kidogo
upande wa kushoto, ambako mguu ni mbaya zaidi.

Usiniulize kama nilihisi kitu.
Nilihisi spiriti puani, na goti langu,
na redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo.

Jumanne iliyofuata nilirudi na kijiko changu.
Kimya. Nta ni nta.
Nikangoja mpaka nikaona aibu ya kungoja.
Bomba la Jadida nalo limekatika tena.
Lakini usiku ule tulikinga: yako madumu sita
ukumbini, yamefunikwa kwa sahani,
na la saba nimelibeba begani
nikiteremka kwa Mzee Shaame.

"Maji ya leo baridi, Damasi."
"Nitayapasha."