Akiba Mnarani

Shangazi Makvala hakuuliza nimefikaje,
wala theluji imeziba wapi njiani.
Aliuliza tu: "Umekuja na ule waya?"
Nilikuwa nao.

Faili mia mbili na kumi na nne.
Nyimbo za msiba, kwa Kisvani,
Babu Bimurza akiongoza, wanaume tisa wakiitikia,
na katikati ya wimbo wa sita
mbwa anabweka, mtu anamnyamazisha.
Wote tisa wameshazikwa.
Mbwa naye.

Diski aliificha mnarani, ghorofa ya tatu,
ndani ya kasha la shayiri,
imevikwa soksi ya sufu.
"Mnara huu," alisema akipanda ngazi mbele yangu,
"umezuia maadui, maporomoko ya theluji
na wakwe wabaya.
Utashindwaje na kidude kama kiberiti?"

Akiba haiozi, husema watu.
Hawajaiweka ndani ya jiwe linalotoka jasho.
Nilipovua ile soksi, diski ilikuwa na ukungu
kama mkate wa juma lililopita,
na kwenye tundu la waya kutu imeota ndevu.
Niliichomeka hata hivyo. Ikakohoa
mara nne,
ikanyamaza kama mgeni
aliyesahau alichotumwa.

Makvala akaketi juu ya gunia.
Hakulia. Alihesabu mawe ya ukuta kwa kidole,
akakosea, akaanza upya.

Hapo ndipo nilipomtaja Guram.
Miaka miwili nilikuwa nimenyamaza:
kwamba nilizinakili zote usiku ule wa harusi,
nikampa Guram aende nazo Batumi,
naye kaziweka dukani, kabati la juu, pakavu,
mbali na friji la samaki.
Na nakala ya tatu nimeipeleka winguni,
yaani kwa mashine za watu nisiowajua
katika nchi ambayo sijui hata baridi yake.

"Wingu!" Sauti yake iliamsha njiwa.
"Nimekaa na mawingu miaka sitini na nane.
Liko malishoni asubuhi;
ukienda kuchukua chai, ukirudi, halipo.
Na ufunguo anao nani?"

Hapo alinibana.
Kanisa letu dogo, lenye picha za fedha,
lina kufuli tatu, na funguo zake
ziko katika nyumba tatu zisizosalimiana.
Mlango haufunguki mpaka wote watatu
wasimame kwenye tope moja, wakinuniana.
Nikamwambia ni vivyo hivyo, Shangazi.
Ukuta si kitu.
Tazama nani kashika nini,
na kama mto mmoja ukifurika
utawachukua wote.

Hakujibu. Lakini alishuka ngazi mwenyewe
akaniwashia kompyuta, kidole kimoja,
kama anayegusa jiko kuona kama limepoa.

Nakala ya Guram ilikuwa imefungwa kwa neno la siri.
Nikampigia. Nyuma yake kelele za bandari.
"Ni jina la ng'ombe," alisema.
"Ng'ombe gani?"
"Yule wa Shangazi. Aliyekufa mwaka wa maporomoko."
Makvala aliandika mwenyewe, herufi kwa herufi,
bila kuuliza: Chrela.

Ikafunguka.
Wimbo wa sita. Babu anavuta pumzi,
wale tisa wanaingia chini yake kama boriti chini ya paa.
Mbwa akabweka.
Yule wa leo, aliyelala kizingitini,
akainua sikio moja.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho,
akafuta meza isiyokuwa na vumbi.
Kisha akanigeukia, uso mkavu:
"Libadilishe neno hilo. Leo leo.
Chrela anajulikana kijiji kizima.
Walikunywa maziwa yake."