Petro wa Herufi Ndogo

Mzee Kisanji aliingia stesheneri, Mtaa wa Livingstone,
saa sita, umeme umerudi dakika ileile,
akaniwekea kaunta karatasi ya daftari.
"Nichapie. Ni ya mtoto wa Ramniklal, yuko Lesta.
Kiswahili kilimpotea angali mdogo."

Nilichapa hadi mstari wa nne, nikasita.
"Mzee, huyu Petro ni nani?"
"Petro yupi?"
"Huyu uliyemwandika kwa herufi kubwa,
halafu ukamtoa nje."

Alicheka mpaka akashika kaunta.
Si mtu, ni msemo wa Waingereza,
meneja wao wa zamani hakuisha kuutaja:
kitu kinapungua, kinapungua, mpaka hakipo.

"Basi p ndogo," nikasema.
"Na kitu hujiishia chenyewe, hakiishwi na mtu.
Tena hauendi na jambo la ghafla.
Hapa umeandika kiwanda. Kiwanda kilikwishaje?"

Feni ilizunguka.
"Kwa kufuli. Jumanne. Tulimkuta mlinzi mgeni
na chai yetu imo ndani, kwenye birika."

Nikaufuta.
Kishale kikabaki kinapepesa mahali patupu.

"Usiutupe! Ushushe chini,
kwenye upatu."

Upatu wa watu wa mashine za kufuma,
kila Jumamosi ya kwanza, mgahawa wa Gerezani:
arobaini na mmoja mwanzoni, viti vya kuazima,
mhazini akigonga glasi kwa kijiko ili asikike;
kisha ishirini na kitu, wengine wakituma wajukuu na bahasha;
kisha tisa;
kisha Ramniklal na yeye, wakipokezana noti moja,
mwezi huu kwako, ujao kwangu,
mpaka noti ikachakaa kwenye mkunjo.

"Na sasa?"
"Sasa naagiza kahawa mbili.
Kijana wa mgahawa hajawahi kuniuliza."

Niliuweka msemo pale, p ndogo, wakati uliopita.
Akainama, akaufuata kwa kidole kwenye kioo.
"Sahihi?"
"Sahihi."
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Lakini umeandika kama umekwisha.
Jumamosi ni keshokutwa."

Nikafuta herufi mbili, nikaweka tatu,
na mbele yake kile kitenzi kifupi cha kuwa.
Printa ikakohoa.
Akaomba kalamu, atie jina lake kwa mkono.