Kigae Nyuma ya Friji

Dalali anafungua mlango kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika simu.
"Vyumba viwili. Imekarabatiwa yote, juu hadi chini,
hakuna kilichobaki cha zamani."
Nestani ananifinya kidole.
Mimi nainamisha macho,
nasalimiana na vigae vyangu.

Nilivipanga Februari, madirisha hayajaletwa,
baridi ya Tibilisi ikipita ndani bila hodi,
mvuke ukinitoka kinywani kama birika.
Uzi, pima-maji, goti juu ya goti,
na Bwana Avtandili akikanyaga na viatu vya matope
akiuliza: Lini? Lini?
Nusu ya ujira alinilipa Machi.
Nusu ya pili iko njiani, inakuja kwa miguu.

Dalali hanijui. "Gusa ukuta huu," anasema.
Naugusa.
Chini ya rangi kuna plasta,
chini ya plasta karatasi ya maua ya samawati,
chini ya maua, penseli: kimo cha mtoto,
Zaliko, mwaka hadi mwaka,
mstari wa mwisho unanifika begani.
Niliuliza kama niubakishe.
Paka, akasema mwenye nyumba.
Nikapaka mara mbili.

"Na mabomba?" anauliza Nestani.
"Mapya."
Yanayoonekana, ndiyo. Nyuma ya bafu
limelala lile la chuma, limeliwa na kutu;
tulilivika saruji kama sanda,
na mzee Murmani, fundi bomba, akatema mate:
vipupwe viwili, havizidi.
Kipya kinyemi. Mengine yamalizie mwenyewe.

Lari elfu moja na mia nane kwa mwezi,
na amana ya mwezi mmoja.
Kabla sijaingia na mwiko wangu
ilikuwa mia saba.
Napiga hesabu nimesimama:
kila kigae nilichokilaza sawasawa
kimenipandishia kodi.

Nestani yuko chumba kidogo, hasemi.
Anapima kwa macho, kitanda hapa, kabati pale,
mkono juu ya tumbo la miezi sita.
Dirishani mzabibu wa jirani umepanda hadi ghorofa ya tatu,
uani wanaume wanagonga dhumna.
Kwa mama yake tuko watano, choo kimoja.

Jikoni naisogeza friji, kidogo tu.
Kipo.
Kigae kimoja kimekaa upande,
kilichokauka siku aliponipigia simu akasema
tutakuwa watatu,
mkono wangu ukakataa kutulia.
Sikukirekebisha. Nilidhani friji itanitunzia siri.

"Elfu na mia mbili," nasema.
"Bomba la bafuni ni la kale."
"Umejuaje?"
Dalali anampigia mwenye nyumba, sauti imefunguliwa,
na kabla ya salamu inatoka:
"Lini? Wanahamia lini?"

"Mwambie," nasema, "mpangaji ni fundi Lomkatsi.
Ile nusu ya Machi
aikate kwenye kodi."

Simu inanyamaza.
Kule chumbani Nestani amefungua dirisha,
analifunga, analifungua tena,
anasikiliza kama linalia.
Halilii. Bawaba zile
nilizitia mafuta mimi.