Amana

Idd ile mwezi ulitupatanisha,
tukaswali pamoja, Sheffield nzima,
ndani ya ukumbi wa michezo,
juu ya mistari ya mpira wa kikapu.
Nilipotoka, buti zangu hazipo.
Zimesalia za mwingine: nyeusi, manyoya ndani,
zipu ya kushoto imeshikizwa kwa pini,
namba thelathini na tisa, kama zangu.
Nje theluji inayeyuka. Ningefanyaje?
Nikazivaa. Kisigino kimelika kwa ndani:
mwenyewe huyu hushinda amesimama,
kama mimi, ninayewageuza wazee vitandani usiku kucha.

Ijumaa ya kwanza nikazipeleka kwa Wayemeni,
bondeni, katika nyumba iliyokuwa baa.
Bi Arwa, mjane wa mtu wa tanuri la chuma,
akaitazama pini, akatikisa kichwa. Si za hapa.
Akanimiminia chai.
Hiliki ile ile ya kwetu Tanga.
Nikanyamaza nisije nikalia mbele ya watu.

Kwa Wapakistani mlango wetu uko nyuma,
pita mapipa ya taka, panda ngazi,
msikilize imamu kwa spika inayokwaruza.
Hotuba ya Kiurdu. Sikuambulia
ila *dunia*, *safari*, *kitabu*,
nikaviunga mwenyewe, nikapata hotuba.
"Kwa nini kupitia kwenye mapipa?" nikauliza.
Rukhsar akacheka bila furaha:
"Hilo alianza kuliuliza mama yangu."

Wasomali walinivuta safuni
hadi kidole changu kidogo cha mguu
kikagusana na cha mtu nisiyemjua.
Buti hazikuwa zao. Waliniwekea sambusa mfukoni.

Msikitini kwetu maneno yakaanza.
Mwanamkasi akanishika mkono penye ndoo za udhu:
"Kila Ijumaa kiguu na njia.
Hapa kwetu umekosa nini?"
Nikamwambia nina amana ya watu.
Akazitazama zile buti kuukuu
kama anayetazama uongo wenye soli.

Kwa Mashia nilikwenda na hofu
niliyorithi, si niliyoinunua.
Nilifunga mikono; jirani yangu ameiachia.
Paji lake juu ya kidonge cha udongo,
langu juu ya zulia.
Hakuna aliyenigeukia.
Baadaye mtoto wake akaniwekea kile kidonge kiganjani,
akanikodolea macho aone nitafanya nini.
Nilikishika. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani.
Nikamrudishia kwa mikono miwili.

Mwisho Wabosnia, chumba juu ya duka la vitanda.
Senada alikuwa akikunja mashuka ya meza.
Akaiona pini, akaacha kukunja.
"Ijumaa iliyopita alikuja dada mmoja
na mfuko wa plastiki, anauliza buti kama hizi.
Ndani ya mfuko mna mpya. Hazivai.
Anasema si zake."

"Ametoka wapi?"
"Kwa Wayemeni. Anakwenda kwa Wasomali."
"Jina lake?"
"Sikumuuliza. Alikula, akaosha vyombo, akaondoka."
"Anaswalije?"
Swali likaniaibisha lingali mdomoni.
Senada akanitazama kwa muda mrefu,
akarudi kwenye mashuka yake.
"Kwa kusujudu," akasema.

Basi nimekuwa nikitembea mbele yake
au nyuma yake, sijui,
yeye ananywa chai yangu kwa Bi Arwa,
mimi nakula sambusa zake,
huenda amekwisha kupanda zile ngazi za mapipa
na kuuliza niliyouliza.

Nimezipeleka buti kwa fundi.
Zipu mpya, pauni nane.
Pini ninayo, nimeichoma ndani ya mtandio.
Wamebaki Wagambia, na Waturuki ng'ambo ya reli,
na wengine wanaoswali kwenye gereji, nasikia.
Nimeandika anwani nyuma ya ratiba yangu ya zamu.

Naomba nikutane naye.
Naomba pia, Mola anisamehe,
isiwe Ijumaa hii.