Mioyo Mitano

Saa kumi na moja alfajiri nimeegesha gari la theluji,
jembe lake la chuma bado linafuka mvuke.
Nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, na Røros imelala
kama mtu aliyejivuta blanketi hadi puani.
Usiku kucha nimewafungulia wengine njia.
Nyumbani kwangu, juu ya vidato kumi na vitatu tu,
kuna mlango sijui husukumwa au huvutwa.

Nyuma yake amelala Ragna, miaka kumi na mmoja,
binti wa Tonje, si binti yangu,
wiki sita tangu wahamie na masanduku
na paka mmoja kilema.
Kwangu hasemi. Si kiburi:
maneno yake anayahesabu kama mgeni mwenye sarafu chache
katika mji asioujua bei zake.
Tonje yuko Trondheim, kozi ya meno, hadi Alhamisi.
Tumebaki wawili. Na paka.

Maziwa yameisha (paka).
Ndani ya jokofu, nyuma ya chupa ya samaki wa siki,
bakuli la mtindi, mzito, unaosimamisha kijiko.
Haya basi. Mtindi.

Mayai matatu. Nikatenga ute na kiini
kwa vidole hivi vilivyozoea usukani na spana;
kiini kimoja kikaponyoka, kikapasuka,
kikachafua kazi yote. Nikaanza upya.
Ute nikaupiga kwa mkono, mashine ingemwamsha,
nikaupiga hadi bega likaniuliza umri wangu,
hadi ukasimama vilele, mweupe
kama barabara kabla sijaipitia.

Unga vikombe viwili. Siagi ya kuyeyushwa. Iliki,
ndiyo, iliki, hata huku kwenye baridi kali,
punje zilizosafiri mbali kuliko mimi.
Kisha magadi, kijiko kidogo, juu ya mtindi:
ukashtuka, ukafura, ukaanza kunong'ona vipovu.
Kumbe kitu kichachu hungoja tu
kitu cha kugombana nacho, ndipo kiinuke.

Ukafika wakati wa povu.
Povu halikorogwi. Povu hukunjwa,
polepole, kutoka chini kuja juu,
ukililazimisha linakufa, na waffle inalala bapa kama soli ya kiatu.
Nikasimama na mwiko mkononi.
Shule vipi, Ragna? Umelala vizuri, Ragna?
Unapenda nini, Ragna, huli kwa nini, Ragna?
Wiki sita nimekoroga.

Chuma chenyewe nilikinunua kwenye mnada wa kanisa,
kishikio kimefungwa waya,
ndani yake mioyo mitano imeshikana ncha kwa ncha.
Ya kwanza ikachanika. Ya kwanza huwa ya paka.
Ya pili ikavimba hadi kifuniko kikainuka chenyewe,
na harufu ikapanda ngazi bila kubisha hodi.

Akaja na soksi zisizofanana.
Akaketi. Akamega moyo mmoja tu,
akapaka jemu ya manjano ya matunda ya kinamasi,
akaweka kipande cha jibini ya kahawia, chembamba, kinapitisha mwanga.
Akatafuna.
Mimi nikalitazama dirisha, ambalo halikuwa na kitu cha kutazama.

"Umesahau chumvi."

Mtu wa miaka hamsini na nane,
niliyekula chumvi nyingi, wanavyosema,
na yote nimeiacha kabatini;
yeye kidogo aliyoionja imemtosha
kujua pale ilipokosekana.
Maneno mawili. Niliyahesabu na mimi.

Akainuka, akafungua kabati la kushoto
(alijua ni la kushoto),
akafinya chumvi juu ya unga uliobaki,
akachukua mwiko.
Hakukoroga.

Nje imeanza kuanguka tena, kazini watanipigia.
Nikamwachia kishikio.
"Kinaunguza," nikasema.
"Najua," akasema.

Matatu.